Yaliyo Ndani ya Mabano

Mkaguzi anakuja Alhamisi, saa tatu.
Leo Jumanne. Hapa Elgoibar mvua ni ya rasharasha,
ile isiyoamua kunyesha wala kuacha,
na mto Deba una rangi ya chai iliyosahaulika mezani.
Nimekaa ghorofani, juu ya ngurumo za makerezo,
nahesabu programu za mashine.

Elfu nne mia mbili na kumi na sita.
Vipande tunavyochonga havifiki mia tatu.

Nani aliyewazaa wote hawa?
Kuna faili inaitwa *mwisho*.
Kuna *mwisho kabisa*. Kuna *mwisho, tumia hii*.
Kuna *usitumie*, na ndiyo iliyotumika jana usiku
kukereza vali kumi na nne, zote safi.

Garbiñe, mwenye karakana, anasimama nyuma yangu
kama mtu anayeangalia eksirei ya nduguye.
"Futa. Ibaki moja kwa kila kipande."
Moja ipi?

Kanuni ya cheti ni fupi, na sina ugomvi nayo:
namba ya toleo, tarehe, jina la aliyeidhinisha,
na iliyo ndani ya mashine iwe ndiyo iliyo kwenye seva,
herufi kwa herufi.
Nashuka, kompyuta kiganjani, nalinganisha.
Mashine ya kwanza sawa. Ya pili sawa.
Ya tatu inakohoa mafuta, lakini sawa.

Ya tano ilikuwa ya Eusebio.

Alistaafu Machi, akafa Juni,
kabla hajazoea kulala asubuhi.
Ubao wa kukanyagia bado una mabonde mawili
ya visigino vyake; aliyerithi nafasi hiyo
husimama kando kidogo, bila kuambiwa.

Seva inasema kasi mia na themanini.
Mashine inasema mia na arobaini.
Kwenye mstari wa mia tatu na kumi
pameongezwa pumziko la sekunde mbili.
Hakuna saini. Hakuna tarehe.
Ila ndani ya mabano,
ambamo mashine haisomi, hupita tu
kama mgeni mbele ya mlango wasikomjua,
ameandika kwa Kibaski:

(chuma cha Jumatatu kina hasira, kipe nafasi)

na chini yake:

(hapa nilivunja kisu mara tatu. wewe usivunje)

Wewe.
Nimelitazama neno hilo hadi kahawa ikapoa.

Kisha, katikati ya hesabu za kipande cha breki,
pasipomhusu mtu wala chuma:

(Itxaso amejifungua. msichana. kilo tatu na nusu)

Nikapiga simu.
"Samahani, Itxaso. Binti yako alizaliwa lini?"
Kimya. Kisha: "Kumi na moja Novemba. Kwani vipi?"
Nikamsomea.
Sikukata simu mpaka yeye alipokata.

Alhamisi. Bi Remedios Lahoz kutoka Zaragoza
anakung'uta mwavuli, anavaa miwani,
na katika programu mia tatu zilizopangwa, zenye namba,
kidole chake kinaangukia hiyo hiyo.
"Tarehe ya badiliko hili mmeipataje?"
Namwonyesha mabano.
Anasoma polepole; Kibaski hakijui, namtafsiria.
Anavua miwani, anaifuta, ingawa haikuwa na ukungu.

Kisha anaandika kasoro ndogo:
*badiliko bila idhini*. Siku thelathini kurekebisha.
Ana haki. Ningekuwa yeye ningeandika vilevile.
"Na visu?" anauliza akifunga mkoba.
"Tangu hapo, hata kimoja."

Jioni najaza fomu. Toleo D.
Aliyebadilisha: E. Larrañaga.
Aliyeidhinisha: mimi, miaka mingi baadaye.
Programu inauliza kama nataka kuondoa maelezo yasiyo ya lazima.
Nabonyeza hapana.

Chini, mashine ya tano inafika mstari wa mia tatu na kumi,
inanyamaza
sekunde mbili,
inaendelea.